SOMO LA LEO: Flashi ya zamani kwenye kamera ya kisasa. Pima volti kwanza, ndipo uichomeke

Somo la leo ni la wale wanaouza mtandaoni na wana kamera, hata kama ni ya kuazima, na wamewahi kuona flashi ya zamani inauzwa bei ya kutupa wakajiuliza kama itawafaa. Jibu fupi: itakufaa sana, ila inaweza pia kuua kamera. Mimi kujifunza hilo kulinigharimu laki moja na themanini, na ugomvi wa kifamilia juu yake. Wewe jifunze bure hapa.

KWA NINI NILITAKA FLASHI

Niko Ifakara. Nauza vitenge, vitambaa vya kufumwa kwa mkono na mchele wa hapa bondeni. Wateja wangu wengi wako Dar, Morogoro na Dodoma. Wanaona picha, wanalipa, naweka mzigo kwenye basi. Kwa hiyo mteja wangu kwanza ananunua picha, kitenge anakiona baadaye. Picha ikidanganya, mzigo unarudi.

Kiangazi sina shida. Natandaza kitenge kwenye mkeka barazani asubuhi, mwanga unatosha. Shida ni masika. Machi mpaka Mei mawingu yanakaa juu ya bonde, ndani giza saa nane mchana, na umeme nao unakatika unavyotaka. Masika moja nilipiga picha chini ya taa ya njano ya sebuleni, kitenge cha zambarau kikaonekana damu ya mzee. Mama mmoja wa Dar akanunua doti tatu za sare ya harusi. Mzigo ulipofika akanipigia: "Mwanangu, hii siyo rangi niliyoiona." Alikuwa na haki. Nikarudisha hela yake, nikalipa nauli ya mzigo kwenda na kurudi, na faida ya wiki nzima ikaishia barabarani.

Hapo ndipo nikaamua nahitaji mwanga wangu mwenyewe, usiotegemea jua wala umeme wa ukutani. Flashi inatumia betri nne ndogo tu, na mwanga wake ni mweupe unaokaribia wa jua la mchana.

KOSA LANGU

Shemeji yangu anapiga picha za harusi wikiendi. Nikamwomba kamera yake siku za katikati ya wiki, akanipa. Mjini kuna mzee aliyekuwa na studio miaka ya filamu, ameshafunga. Nikaenda kwake, akaniuzia flashi kubwa nzito kwa elfu ishirini. Nikaiona bahati.

Nikaichomeka juu ya kamera. Picha ya kwanza, paa! Mwanga mzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu flashi haikuwaka. Nikabadilisha betri, kimya. Kamera ilikuwa bado inapiga picha, lakini haikuwasha tena flashi yoyote ya juu, hata ile ya shemeji mwenyewe. Jumamosi ile alikuwa na harusi ya usiku. Ilibidi kazi ampe mwenzake.

Fundi wa kamera Morogoro mjini alitaka laki moja na themanini. Nililipa kidogo kidogo miezi mitano, na kwa muda mrefu shemeji alikuwa ananijibu "nzima" na "sawa" tu.

Fundi redio wa hapa Ifakara ndiye aliyenionyesha tatizo. Akachukua mita yake, akagusa chini ya ile flashi, namba ikapanda: volti 213. Akaniambia, "Dada, hii umeiweka juu ya kamera?"

KWA NINI FLASHI YA ZAMANI INAUA KAMERA MPYA

Ndani ya kila flashi kuna kapasita inayojazwa umeme wa volti mia tatu hivi. Ndiyo inayotoa ule mwako. Ili flashi iwake, kamera inaunganisha njia mbili kwa muda mfupi sana, kama swichi ya taa. Kwenye flashi nyingi za zamani, sehemu ya ule umeme mkubwa inafika mpaka kwenye hiyo swichi.

Kamera za filamu za zamani swichi yake ilikuwa vipande viwili vya chuma vinagusana. Volti mia mbili kwa chuma si kitu. Kamera ya dijitali swichi yake ni ya kielektroniki, kipande kidogo sana kilichotengenezwa kubeba volti chache. Kwa kamera nyingine umeme ule ukipita, kipande kinaungua. Wakati mwingine hakifi picha ya kwanza, kinakufa ya tatu kama changu, au ya mia. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi natumia na haijanifanya kitu," usiichukue kama kipimo. Kipimo ni mita.

Yule mzee hakunitapeli. Nilirudi kwake, nikamsalimia, nikamweleza. Akasikitika kweli. "Mwanangu, kamera yangu ilikuwa chuma tupu. Miaka ishirini haikuwahi kunidhuru. Ningejua ningekwambia." Akanipa flashi yake nyingine ya miaka ya baadaye bila kuongeza hela, akasema, "Hii usiiguse kabla fundi hajaipima." Ilisoma volti 5. Ndiyo ninayotumia mpaka leo.

HATUA YA 1: ITAZAME KABLA YA KULIPA

Fungua sehemu ya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri zilivuja. Kama ni kidogo na zilikuwa betri za alkaline, chovya pamba kwenye maji ya ndimu au siki, futa, kausha vizuri. Kama chuma kimeliwa, achana nayo.

Weka betri mpya za alkaline, au za kuchaji ambazo zinajaza flashi haraka zaidi. Betri za kawaida za redio zitakukatisha tamaa. Washa, subiri taa ndogo ya "tayari" iwake. Flashi iliyolala miaka inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi mara ya kwanza. Iache imewaka kidogo, kisha ifyatue kwa kitufe chake cha majaribio mara kadhaa. Ikizidi kuwa na kasi, kapasita inaamka. Ikibaki inachelewa vile vile, au ikinuka kuungua, mrudishie mwenyewe.

Onyo: usiifungue ndani. Hata ikiwa imezimwa na betri zimetolewa, ile kapasita inaweza kubaki na umeme wa kukurusha vibaya.

HATUA YA 2: PIMA VOLTI

Kama huna mita, nenda kwa fundi redio au fundi simu. Ni kazi ya dakika tano. Mimi nilimpa fundi hela ya soda.

Weka betri, washa flashi, subiri taa ya tayari. Mita iwekwe kupima umeme wa DC, kipimo kikubwa kwanza, 600 au 1000. Geuza flashi uone chini ya mguu wake, ile sehemu inayoingia juu ya kamera. Katikati kuna kidoto cha chuma: hapo gusa ncha nyekundu. Pembeni mwa mguu kuna utepe au ukingo wa chuma: hapo gusa ncha nyeusi. Subiri namba itulie.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mita za bei rahisi sana zinaweza kusoma chini ya ukweli, kwa sababu zenyewe zinanyonya umeme kidogo. Namba ikikaribia mpaka wa hatari, ihesabu kuwa imevuka. Pili, ikitokea alama ya kutoa mbele ya namba wakati ncha umeziweka sawasawa, hiyo flashi usiipandishe kwenye kamera kabisa.

HATUA YA 3: SOMA NAMBA

Volti 6 au chini: salama kwa karibu kamera zote za dijitali.

Kati ya 6 na 24: kamera nyingi za kisasa zinavumilia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10330 kimeweka mpaka kwenye volti 24. Lakini kamera za dijitali za mwanzo, kama Canon 300D ya mwaka 2003, watu huonywa wasizidi 6. Soma kitabu cha kamera yako kwanza.

Zaidi ya 24: usiichomeke moja kwa moja. Ni kweli vitabu vya kamera nyingi za Nikon vinataja mpaka volti 250, lakini kwa mtu anayetafuta mtaji, mimi nasema kwa nini ujaribu bahati?

Na usinunue kwa jina. Mfano mzuri ni Vivitar 283, flashi iliyouzwa sana duniani enzi za filamu. Nyingine za jina hilo hilo zinasoma zaidi ya volti 200, nyingine, za matoleo ya baadaye, zinasoma volti chache tu. Kwa macho ni flashi moja. Anayejua tofauti ni mita.

HATUA YA 4: ANGALIA KAMERA YAKO INA KIPINI CHA KATIKATI

Tazama juu ya kamera, kwenye kile kibati flashi inapoteleza kuingia. Kwa kawaida kuna kidoto kikubwa cha chuma katikati, na vidogo pembeni. Hicho cha katikati ndicho kinachowasha flashi ya kampuni yoyote.

Canon 2000D na 4000D za mwaka 2018, na 250D ya mwaka 2019, hazina hicho cha katikati. Hizi ndizo kamera za bei nafuu ambazo wengi tunaanza nazo. Ukiweka flashi ya zamani juu yake haitawaka, na wala si kwamba imekufa. Usipoteze hela kwa betri mpya wala kwa fundi.

Sony nazo, nyingi za kabla ya 2012 zilirithi kiatu cha umbo la Minolta, flashi ya kawaida haiingii kabisa bila kiunganishi.

Na kwa wanaouliza kuhusu simu: simu haina sehemu ya kuwasha flashi hii. Somo hili ni la kamera. Picha ukishapiga unazihamishia kwenye simu kwa kisoma kadi, unapandisha kama kawaida.

HATUA YA 5: MIPANGILIO YA KUANZIA

Flashi ya enzi za filamu haiongei na kamera yako. Zile zilizokuwa na mfumo wa TTL zilitegemea kamera isome mwanga uliorudi kutoka kwenye filamu yenyewe. Kamera yako haina filamu, kwa hiyo sahau TTL. Tumia M kwenye kamera na M kwenye flashi.

Anza hivi:
ISO 200
Namba ya f: 8
Spidi ya shata: 1/125
Rangi, ile sehemu ya WB: chagua alama ya flashi

Usizidishe spidi. Kamera nyingi mwisho wake na flashi ni 1/200 au 1/250. Ukivuka, sehemu ya picha inatoka nyeusi kama pazia limeshuka nusu. Ukiona hivyo, punguza spidi, flashi haina tatizo.

Piga picha moja, tazama. Ikiwa nyeupe mno, punguza nguvu ya flashi: 1/2, 1/4, 1/8. Kama flashi yako ina nguvu moja tu, panda f/11 au isogeze mbali. Ikiwa giza, shuka f/5.6 au isogeze karibu. Kumbuka umbali una nguvu sana: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye bidhaa unabaki robo, siyo nusu.

Kama flashi ina jicho dogo mbele na alama ya A, una bahati. Jicho hilo linapima mwanga lenyewe na kukata mwako, kwa hiyo linafanya kazi na kamera ya mwaka wowote. Flashi ikikwambia "ISO 100, f/5.6", weka hivyo hivyo kwenye kamera, basi.

HATUA YA 6: LAINISHA MWANGA

Kosa la wengi ni kuelekeza flashi moja kwa moja kwenye bidhaa. Kitenge kinang'aa katikati kama kimepakwa mafuta, nyuma kuna kivuli cheusi, nyuzi hazionekani.

Yule mzee alinifundisha: "Mwanga upige kwanza kitu cheupe, ndipo uende kwa mteja." Kama kichwa cha flashi kinainuka, kielekeze kwenye dari nyeupe au ukuta mweupe wa pembeni. Ukuta wa kijani au wa bluu utapaka bidhaa rangi yake, kwa hiyo jihadhari. Nyumba yangu haina dari, ni bati tu juu. Nilichofanya, nimetundika shuka jeupe kwenye kamba upande wa kushoto, mita moja kutoka mezani, na flashi inapiga kwenye shuka. Mwanga unarudi laini.

Njia nyingine: kiroba cheupe kipya kisicho na maandishi, kile cha mchele. Kitundike kati ya flashi na bidhaa, mwanga upite ndani yake. Kiwe mbali kidogo na flashi, usikifungie kichwani, mwako wa karibu una joto. Upande wa pili simamisha boksi uliloligandishia karatasi nyeupe ili kujaza kivuli.

Mwanga utoke pembeni, siyo mbele. Kwa kitambaa cha kufumwa, mwanga wa pembeni unaonyesha nyuzi moja moja, na mteja anaelewa kwa nini bei yake siyo ya kitambaa cha kiwandani. Kwa mchele, mimina kwenye ungo au bakuli jeusi, mwanga wa pembeni unaonyesha punje. Utaonyesha pia chenga kama zipo. Usizifiche. Mteja aliyeona chenga kwenye picha hawezi kulalamika akizikuta kwenye kiroba. Kwa wenye samani za mtiki, zilizopigwa vanishi, sogeza flashi mpaka ule mng'ao utoke nje ya picha.

HATUA YA 7: ACHA KILA KITU MAHALI PAKE

Hii ndiyo iliyoniokoa. Zima taa ya chumba. Kwa mipangilio hiyo ya f/8 na 1/125, mwanga wa ndani hauonekani kwenye picha, kinachoonekana ni flashi peke yake. Kisha weka alama: kipande cha gundi ya karatasi sakafuni penye flashi, kingine penye meza, na namba zako ziandike ukutani. Kila kitenge kipya kinakaa pale pale, kwa namba zile zile. Zambarau ya Januari na zambarau ya Aprili zinatoka sawa, umeme uwepo usiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Kabla ya kupandisha, shika kitenge chenyewe karibu na simu mlangoni, linganisha. Kikitofautiana, andika ukweli kwenye maelezo.

NA FLASHI YA VOLTI KUBWA, UITUPE?

Hapana. Kuna kijicho kidogo kinachochomekwa chini ya flashi. Kikiona mwako wa flashi nyingine kinaifyatua na hii, bila waya wowote kwenda kwenye kamera. Kamera inabaki salama. Kabla ya kununua uliza kinabeba volti ngapi. Ile ya 213 sasa inakaa nyuma ya meza, inamulika pazia jeupe.

Ukiifyatua kwa flashi ndogo ya kamera, iweke hiyo ndogo kwenye M. Ikiwa otomatiki inatoa mwako mdogo wa kupimia kabla ya picha, kijicho kinadanganyika na flashi kubwa inawaka mapema, picha inatoka giza. Nikon kama D3200 na D5300 zinaruhusu kubadilisha hilo kwenye menyu.

KWA UFUPI

Tazama betri. Pima volti. Chini ya 6 endelea, juu ya 24 usichomeke. Angalia kipini cha katikati. M, ISO 200, f/8, 1/125. Mwanga upige kitu cheupe. Weka alama, usihamishe.

Masika iliyopita sikurudishiwa mzigo hata mmoja kwa sababu ya rangi. Shemeji nilimmalizia elfu thelathini ya mwisho, na siku hizi mtu akimletea flashi ya kuazima anamtuma kwanza kwa fundi redio. Kamera yake ananiazima tena, ila ananiuliza swali moja tu: "Umepima?"

Kama una flashi kabatini na hujui namba yake, usiijaribu leo usiku. Kesho pita kwa fundi, pima, kisha niandikie hapo chini jina lake na volti ulizopata, tusaidiane.